Simba wa Goba: mbwa aliyedhaniwa kalishwa sumu

Mgonjwa ni Simba, dume la miaka saba, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo 34, hajahasiwa. Kazi yake ni kulinda nyumba moja Goba, Dar es Salaam, pamoja na jike mchanga anayeitwa Popi. Aliletwa kliniki usiku akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari, juu ya kanga iliyolowa mate. Taarifa iliyotangulia kwa simu ilikuwa fupi: "Daktari, wezi wamemlisha sumu mbwa wetu."

Hakuwa amelishwa sumu. Alikuwa amekula ugali mwingi kwa muda mfupi mno, kisha akatimua mbio kwenda getini. Kisa hiki si cha ajabu, na ndiyo sababu nakiandika. Nyumba nyingi zenye mbwa wa ulinzi hulisha kwa namna ileile, na mbwa anayebugia chakula huonekana kichekesho, au hata fahari ya mwenye nyumba. Anayekula polepole ndiye huletwa kwangu kwa wasiwasi kwamba anaumwa.

Usiku wenyewe

Mzee anayelinda hapo siku zote alikuwa amekwenda msibani Rufiji, zamu akaachiwa kijana mgeni. Kwa kawaida dada wa jikoni husonga ugali wa mbwa jioni, kilo moja ya unga wa dona kwa mbwa wawili, na vichwa vya samaki vya kutoka soko la Feri huchemshwa humohumo kwenye sufuria. Saa 3 usiku mzee huwafungulia mbwa, halafu hugawa chakula kwenye mabakuli mawili. Ndio mlo wao wa siku nzima, hakuna mwingine.

Kijana hakuambiwa habari za mabakuli mawili. Akamwaga sufuria nzima kwenye beseni moja. Popi siku hiyo alikuwa amefungiwa bandani kwa sababu yuko kwenye joto, kwa hiyo beseni lote likawa la Simba. Kilo moja ya unga ikishasongwa hutoa ugali wa kama kilo tatu. Hiyo ni karibu asilimia 9 ya uzito wa mbwa mwenyewe, bila kuhesabu vichwa vya samaki. Mtu wa kilo 70 angehitaji kuketi mbele ya ugali wa kilo sita na kuumaliza kabla hajapumua vizuri.

Baada ya hapo Simba akanywa maji kwa pupa, gari la baba mwenye nyumba likapiga honi, akakimbia hadi getini na kurukaruka kama ilivyo desturi yake. Haikupita saa moja akaanza kuzunguka uani. Analala, anainuka, anageuza shingo kuangalia ubavu wake wa kushoto. Mate yakawa yanamchuruzika. Akawa anajikakamua kutapika, shingo imenyooka, mbavu zinabana, na kinachotoka ni povu jeupe tu.

Jirani akasema hiyo ni sumu, apewe maziwa. Wakampa maziwa, kwa kumshika taya na kummiminia.

Sumu au gesi

Siwalaumu. Mbwa wa ulinzi kulishwa nyama yenye sumu kabla ya wizi ni jambo linalotokea mijini, na kila mtaa una hadithi yake. Lakini kwa kudhani sumu, saa nzima ikapotea, na maziwa yakaongezwa kwenye mfuko wa chakula uliokwisha kujaa. Maziwa si kiuasumu. Mbwa anayejikakamua kutapika ukimnywesha chochote kwa nguvu, sehemu yake inaweza kwenda mapafuni, na hapo umejitafutia ugonjwa wa pili.

Dalili za mambo haya mawili zinafanana kwa mbali tu. Sumu inayotumika sana ni viuatilifu, vile vya kuua wadudu shambani au kupe kwenye mifugo. Mbwa aliyekula hivyo hutoa mate mengi, ndiyo, lakini pia hutetemeka misuli, mboni za macho hubana zikawa ndogo sana, huharisha, hujikojolea, na akitapika matapishi hutoka kweli. Simba hakutetemeka wala hakuharisha. Alikuwa na kitu kimoja kilichotosha kuniondoa kwenye wazo la sumu tangu kwenye simu: anataka kutapika na hakitoki kitu. Nikamwomba mama mwenye nyumba apigepige kwa vidole nyuma ya mbavu za kushoto aniambie anasikia nini. Akasema panalia kama ngoma. Nikamwambia aache maziwa, ampakie, aje.

Hii ndiyo dalili ambayo ningetaka kila mwenye mbwa mkubwa aijue kwa moyo. Mbwa mwenye kifua kirefu anayejaribu kutapika bila mafanikio, tumbo limevimba na kukaza, hatulii: huyo hangojewi asubuhi. Hali inayohofiwa ni mfuko wa chakula kujaa gesi na kisha kujisokota. Ukijisokota, njia ya juu kwenye umio inafungwa na njia ya chini kwenda utumbo inafungwa, gesi haina pa kutokea, mishipa mikubwa ya damu inakandamizwa, bandama inavutwa pamoja na mfuko, na moyo unakosa damu ya kusukuma. Fizi hupauka. Mbwa wa namna hiyo bila upasuaji hufa, mara nyingi ndani ya saa chache, na hata wanaowahishwa mezani si wote wanaopona.

Mezani

Fizi za Simba zilikuwa bado zina rangi ya waridi, ingawa mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi. Tukamwekea dripu na dawa ya maumivu. Mpira wa tumboni, uliopimwa kuanzia puani hadi ubavu wa mwisho, ulipita bila shida, ikatoka gesi yenye harufu ya uchachu, halafu maziwa yaleyale, halafu uji wa ugali. Mpira kupita si uthibitisho kwamba mfuko haujajisokota. Kuna waliojisokota na mpira ukapita vilevile. Kwa hiyo tulimpiga eksirei akiwa amelazwa ubavu wa kulia. Mfuko uliojisokota, kwa mkao huo, huonyesha vyumba viwili vya gesi vilivyotengwa na ukuta katikati. Wa Simba ulikuwa mkubwa, umejaa, lakini chumba kimoja. Ndani yake mabonge ya ugali yalionekana na vipande vya mifupa ya samaki, kimojawapo fuvu zima.

Basi jina la ugonjwa ni kuvimbiwa kwa chakula na gesi, bila kujisokota. Tulimweka hadi mchana wa siku ya pili, tukimtembeza polepole uani na kumpima tumbo kwa utepe. Alipojisaidia haja kubwa ya kutosha na tumbo likapungua, akarudi nyumbani na sharti la milo midogo ya wali laini na mchuzi wa samaki usio na chumvi.

Matibabu yalikuwa sehemu rahisi. Swali lililobaki ni kwa nini anakula vile, maana kijana wa zamu alikosea mara moja tu, lakini mama mwenye nyumba alikiri kwamba Simba hucheua chakula kizima "mara kwa mara tu, halafu anakirudia." Alikuwa akicheua hivyo tangu miezi kadhaa nyuma. Kabla ya hapo, alisema, Simba alikuwa "mbwa mstaarabu."

Nani anasimama karibu na bakuli

Nilikwenda Goba mzee aliporudi. Tulisalimiana, nikampa shikamoo yake, akanionyesha banda, mabakuli, na kigogo cha mbao ambacho baba mwenye nyumba alikichongesha ili bakuli la Simba liwe juu, usawa wa kifua. Alikuwa ameona video kwamba bakuli likiinuliwa mbwa hamezi hewa nyingi. Pembeni kulikuwa na bakuli la plastiki lenye vijia vya kuzunguka, lile la kupunguza kasi, limetafunwa ukingo na ndani yake ugali mkavu umeganda, sisimizi wanautembelea.

"Hilo mama alilinunua kwa bei mbaya," mzee akasema. "Simba kaligeuza, kala chini, kisha kalila na lenyewe."

Nilimwomba mzee awalishe kama siku zote, mimi nikae dirishani nichukue video kwa simu. Alikuja na sufuria, akamwaga bakuli la kwanza, akamwaga la pili mahali pasipozidi hatua mbili kutoka la kwanza, akaondoka haraka. Katika video Simba haangalii chakula. Jicho linaonyesha weupe upande mmoja, amemwelekea Popi. Mwili ameugeuza mshazari kulikinga bakuli, mkia umeshuka, kichwa hakiinuki hata mara moja, na koo linapanda na kushuka bila taya kufanya kazi. Sekunde 50, bakuli jeupe. Kisha wote wawili wakabadilishana mabakuli, kila mmoja akilamba la mwenzake.

Popi aliletwa hapo akiwa mtoto. Nilipouliza aliletwa lini, mama akahesabu kwa kurudi nyuma, na hesabu ikaangukia palepale Simba alipoacha kuwa mstaarabu. Kesho yake mzee alimlisha Simba peke yake, bakuli lilelile, chakula kilekile, Popi akiwa bandani upande wa pili wa nyumba asikoonekana. Dakika tatu na kidogo. Hakuna kilichobadilika isipokuwa jirani wa bakuli.

Hapo ndipo msimamo wangu katika kisa hiki unapoegemea. Kasi ya kula ni dalili, na watu hukimbilia kununua bakuli kabla ya kuuliza inatoka wapi. Mbwa hubugia kwa sababu kuna mwenzake anayemvizia, kwa sababu amekaa na njaa saa 24, kwa sababu ana minyoo, kwa sababu chakula kimejaza tumbo lakini hakimpi anachohitaji, au kwa sababu amezoea kuchapwa fimbo au kunyang'anywa akiwa anakula. Simba alikuwa na nne kati ya hizo. Bakuli la vijia lingeshughulikia ngapi?

Hesabu ya unga

Kwenye karatasi, nguvu ilikuwa inatosha. Mbwa wa kilo 34 asiyefanya kazi ya kutoka jasho anahitaji takriban kilokalori 1,600 hadi 1,800 kwa siku. Gramu 500 za dona, nusu yake ya ile kilo moja, zina kama 1,800. Tatizo ni kilichomo. Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9 tu, na mbwa mzima anahitaji walau asilimia 18 ya chakula chake kikavu iwe protini. Anayekua, kama Popi, anahitaji zaidi ya 22. Vichwa vya samaki vilikuwa vinaongeza kidogo, lakini havikuwepo kila siku, na vilipokuwepo ndivyo vilivyosababisha mbio, maana vilikaa juu ya ugali, na anayewahi ndiye anayevipata.

Kinyesi cha wote wawili kilipopimwa kilikuwa na mayai ya safura. Dawa za minyoo mama alikuwa akizinunua dukani kila akikumbuka, dozi ya kukisia kwa macho. Tuliwapima uzito, tukawapa pyrantel pamoja na praziquantel, tukarudia baada ya wiki tatu.

Chakula kipya tulikipanga kwa vitu ambavyo nyumba ile ilikuwa tayari inavijua. Kwa Simba kwa siku: dona gramu 300, dagaa wakavu gramu 100 walioloweshwa na kuoshwa kupunguza chumvi na mchanga, na mapupu ya ng'ombe gramu 200 yaliyochemshwa hadi kuiva kabisa. Ukijumlisha unapata karibu kilokalori 1,600 na protini inayozidi gramu 110. Ugali wenyewe unapungua kutoka kilo moja na nusu hadi chini ya kilo moja, kwa hiyo mfuko wa chakula haujazwi maji na wanga kwa mara moja. Dagaa hutwangwa na kusongwa ndani ya ugali. Hii ilikuwa muhimu kuliko nilivyotarajia: kisipoonekana kitu kitamu juu, hakuna cha kugombea.

Juu ya mapupu nasisitiza kuiva. Mapupu na maini mabichi ya machinjioni ndiyo njia ambayo mbwa hupata tegu anayesababisha uvimbe wa maji kwa binadamu, kwenye ini na mapafu ya watu. Na unga uwe ule ambao nyinyi wenyewe mngeula. Kuna tabia ya kununua unga uliovunda au pumba zilizoota ukungu "za mbwa." Sumukuvu haichagui, mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumia nayo vibaya, na ini likishaharibika ugali mzuri haulirudishi.

Sinia

Ushauri mwingi wa kumtuliza mbwa mlaji wa pupa unaanza na mkono wa mtu: mlishe kiganjani, tembe mojamoja za chakula kikavu cha dukani, keti naye. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Daktari, mimi nina udhu wa kuulinda. Mate ya mbwa simo." Alikuwa akiwamwagia chakula na kuondoka upesi kwa sababu hiyohiyo, na Simba alikuwa amejifunza kwamba chakula huja na mtu anayekimbia. Hilo halikuwa la kubishana. Njia yoyote inayofaa nyumba ile ilipaswa kufanya kazi bila mzee kumgusa mbwa wala chombo chake.

Tukatumia sinia la alumini, pana, la mbwa peke yao, lenye alama ya rangi nyekundu ukingoni ili lisichanganyike na la jikoni. Ugali unapikwa laini kidogo kuliko wa watu, unaachwa upoe, kisha dada anaupaka kwenye sinia zima kwa mwiko hadi unene wa nusu kidole. Mbwa hawezi kumeza bonge kwa sababu hakuna bonge. Inambidi alambe na kukwangua kwa ulimi na meno ya mbele. Ugali mgumu wa kukata ndio mbaya zaidi kwa mbwa wa aina hii, maana unakatika vipande vinavyoteleza kooni vyote. Uji nao si suluhisho, anaunywa kwa gulugulu na hewa nyingi. Ugali wa moto ni hatari ya peke yake. Nimeona mbwa aliyeungua umio kwa sababu aliogopa kusubiri.

Sinia linawekwa bandani kabla Simba hajaingia. Mzee anafungua mlango kwa kamba, mbwa anaingia, mlango unafungwa. Popi analia upande wa pili wa nyumba na sinia lake. Hakuna anayeachiwa hadi wote wamemaliza na masinia yameondolewa na dada, maana lile zoezi la kulambiana mabakuli nalo ni mashindano.

Kwa asiye na sinia, bakuli dogo lililofunikwa kifudifudi katikati ya sufuria pana linaacha mfereji wa kuzunguka, na linafanya kazi nzuri. Vibati vya kuokea keki ndogo vinafaa kwa chakula cha tembe. Tembe zenyewe unaweza kuzimwaga tu kwenye sakafu ya saruji iliyofagiwa, mbwa akaziokota mojamoja kwa pua. Jiwe ndani ya bakuli ni ushauri wa zamani nisioupenda sana: likiwa dogo linamezwa, likiwa na kona linavunja jino. Bakuli la vijia la dukani si baya. Limetengenezwa kwa tembe kavu, ndiyo maana kwa ugali liligeuka kuwa kero ya kuosha na mwishowe likatelekezwa.

Kigogo cha kuinulia bakuli nilikiondoa, na hapo baba mwenye nyumba alinibishia. Nilimweleza kwamba Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, kundi la mtafiti Lawrence Glickman lilifuatilia mbwa zaidi ya 1,600 wa aina 11 kubwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalitaja mambo manne yaliyoongeza hatari ya mfuko wa chakula kujisokota: umri mkubwa, kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kupatwa, kula kwa kasi, na bakuli lililoinuliwa. Imani iliyoenea ilikuwa imesimama kinyume kabisa. Kazi nyingine ya kundi hilohilo ilitaja mlo mmoja kwa siku na hulka ya woga. Simba ana miaka saba, ana kifua kirefu, anakula mbio, mara moja kwa siku, juu ya kigogo, huku akimwogopa Popi. Baba alikitazama kigogo chake, akasema kitafaa kuwekea ndoo.

Saa za kula

Hili lilikuwa gumu kuliko sinia. Mzee, na si yeye peke yake, anaamini mbwa akishiba halindi. Ndiyo maana chakula kilikuwa kinatolewa usiku, tena mlo mmoja, ili mbwa awe na njaa ya kutosha kuwa mkali. Nilimuuliza mwizi akija na kipande cha nyama, mbwa wa kukikataa ni yupi, mwenye njaa ya saa 24 au aliyekwisha kula? Akacheka, akanyamaza, akasema basi tujaribu.

Sasa Simba anakula theluthi saa 1 asubuhi, mzee akimfungia baada ya lindo, na theluthi mbili saa 11 jioni. Anafunguliwa saa 2 usiku. Katikati hapo ana saa tatu za kulala bandani kabla ya honi za magari na mbio za getini. Kumzuia mbwa asikimbie baada ya kula hakuna ushahidi mzito kama ule wa kasi na mlo mmoja, lakini hakugharimu kitu. Maji yapo ndoo mbili muda wote. Kumnyima maji ili asinywe kwa pupa ndiko kunakomfanya anywe kwa pupa. Popi, kwa sababu anakua, ana mlo wa tatu mchana.

Fimbo iliyokuwa ikiegemea banda iliondolewa. Badala yake mzee akipita wakati Simba anakula, anamrushia dagaa mmoja kutoka mbali na kuendelea na safari yake bila kusimama. Hamgusi, hamsemeshi. Baada ya muda video zikaonyesha Simba akiinua kichwa akisikia kandambili za mzee, anatazama, anapokea dagaa wake, anarudi kulamba. Ile kuinua kichwa ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mbwa anayehofia kunyang'anywa hainui kichwa.

Mahali alipofikia

Sinia la jioni sasa linamchukua kati ya dakika nane na kumi. La asubuhi hupungua hapo. Hacheui tena, isipokuwa siku moja aliyopewa makombo ya pilau kwenye shughuli ya nyumbani, yaliyotupwa chini mbele ya wote wawili. Alimeza pande la nyama na mfupa wake, akalirudisha dakika ileile. Tabia ya miezi haijafutika, imekosa tu nafasi. Ukiwaweka mbwa hao pamoja kwenye chakula hata leo, Simba atabugia. Mama aliniuliza lini wataweza kula pamoja tena, nikamwambia sioni sababu ya kulijaribu.

Uzito umebaki kilo 34 kwa Simba, manyoya yamerudi kung'aa, na gharama ya mwezi ya chakula imepanda kwa sababu ya dagaa, ingawa unga umepungua. Mama ananilalamikia bei ya dagaa kila tukionana.

Tumebaki na hoja moja ambayo hatujakubaliana. Kuna upasuaji wa kuushonea mfuko wa chakula kwenye ukuta wa tumbo upande wa kulia. Hauzuii gesi wala kuvimbiwa, ila unazuia mfuko kujisokota, na kujisokota ndiko kunakoua. Kwa mbwa aliyekwisha kuvimbiwa mara moja, mwenye umri na umbo la Simba, ningependa ufanyike, na ningemhasi palepale kwa ganzi moja. Baba mwenye nyumba anaona mbwa amepona, anakula sinia lake, kwa nini apasuliwe? Pia ana imani kwamba dume aliyehasiwa hulegea kwenye ulinzi, jambo ambalo sijaliona kwa mbwa niliowahasi.

Kwa Popi wamekubali. Mama yake ni Boerboel, mbwa wa aina kubwa ya Afrika Kusini, kifua cha Popi kinazidi kuwa kirefu kadiri anavyokua, na atafungwa uzazi miezi miwili au mitatu ikipita tangu joto lile liishe. Mfuko wake utashonewa siku hiyohiyo. Namba ya kliniki yenye daktari wa usiku imeandikwa kwa chokaa kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi, na chini yake mzee ameongeza kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya kijana yeyote wa zamu: SINIA MBILI. MAZIWA HAPANA.